Mzungu Mwenye Ndege Kichwani

Kuna hadithi moja iliyomfanya mama mkwe wangu achekwe tangu akiwa msichana mpaka akawa bibi. Alisema mama yake alikuwa na mkufu wa hela za Mjerumani, na katikati ya mkufu ilining'inia rupia kubwa ya fedha yenye sura ya mzungu mwenye masharubu. Mpaka hapo watu walimsikiliza. Kisha alikuwa anaongeza kwamba juu ya kichwa cha mzungu huyo alikaa ndege, amekunjua mabawa. Hapo watu walishikana mabega kwa kicheko.

Aliuona mkufu huo akiwa mtoto mdogo. Watu walipohamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani wakaishi pamoja kijijini, mama yake aliutia ndani ya chungu, akakizika chini ya mafiga, akasema angerudi kukichukua mambo yakitulia. Hakurudi. Aliugua huko huko kijijini, akafa. Nyumba ya zamani ikaanguka, na mahame yale, upande wa Kitangari, yakapandwa mikorosho.

Mimi nilifika Newala kama mke wa mtu, nikitokea Masasi. Nilifungua kibanda cha cherehani mjini, na kila nilipopata nafasi nilikwenda Kitangari kumwamkia mama mkwe. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa anaishi naye. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za ndege, tena mbele ya mwenyewe.

"Wifi, umeolewa kwenye ukoo wa matajiri," aliniambia huku anapepeta mtama. "Mali yetu iko chini ya ardhi, inalindwa na ndege."

Mama mkwe alikuwa anamenya mihogo na aliendelea kumenya, ila niliona kisu kimeongeza kasi.

Sikucheka. Siwezi kusema niliamini, lakini mimi ni binti wa fundi saa. Nimekulia chini ya meza ya baba pale sokoni Masasi, na juu ya meza ile, pembeni ya saa zilizofunguliwa matumbo, palikuwa na bakuli la sarafu za zamani ambazo watu walimletea wakidhani ni vipuri. Zilikuwamo hela na senti zenye matundu. Kwa hiyo nilijua kwamba hela za Mjerumani si ngano. Habari ya ndege tu ndiyo sikuwa nayo.

Mwaka tulipong'oa mikorosho mizee ya mahame yale ili tupande miche mipya, vibarua wawili walikuwa wanahangaika na kisiki kimoja tangu asubuhi. Mume wangu alikuwa nao, nami nilikuwa nimewapelekea chakula. Jembe la kibarua mmoja likagonga kitu kikatoa mlio wa kigae. Akainama, akachomoa kipande cha chungu kilichokuwa kimekumbatiwa na mizizi. Ndani ya udongo uliobaki mle shimoni mlikuwa na bonge, ukubwa wa ngumi mbili hivi, zito, jekundu kwa udongo, lenye madoa ya kijani kama ya ukungu.

Mume wangu alilichukua, akaligeuza. Ukingo mmoja ulionyesha miduara imepandana kama chapati.

"Nendeni mkamwite mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mama mkwe alikuja na fimbo yake, wifi akiwa nyuma. Hakuna aliyemwambia kilichopatikana. Alipofika aliangalia shimo kwanza, si bonge. Akatazama mteremko, akatazama upande jua linakotokea, akasema, "Hapa ndipo jikoni kwetu." Kisha akakaa chini, pale pale kwenye udongo uliofukuliwa, akanyoosha mikono yote miwili. Mume wangu akampa. Alilipakata lile bonge mapajani. Wifi, ambaye alikuwa na mdomo kwa kila jambo, siku hiyo alivuta tu pindo la kanga yake.

Tulirudi nyumbani kwa shangwe, na kabla hatujakaa vizuri, ugomvi ukaanza.

Binti wa wifi alikuwa ameposwa na watu wa Tandahimba, na harusi ilikuwa imepangwa baada ya mvua kubwa. Wifi alishaona kila kitu kichwani: mkufu wa bibi ukimeta shingoni mwa bi harusi, wakwe wakikodoa macho. Alikwenda jikoni, akarudi na ndimu, majivu na dodoki.

"Nitazisugua sasa hivi mpaka zing'ae kama taa," alisema.

"Wifi, nakuomba usiziguse na ndimu," nilimwambia.

"Kwa nini? Sufuria za shaba tunasafishaje?"

"Sufuria ni nene, na haina maandishi. Ndimu ikimaliza kula kutu haiachi hapo, inaendelea kula na hela yenyewe. Majivu nayo yanakwaruza. Utapata kitu kinachong'aa, lakini sura na maandishi vitakuwa vimeondoka."

Mume wangu naye akatokea na bisibisi, anataka kuzibandua moja moja. Nilisimama katikati yao nikiwa nimelikinga bonge kwa mikono, mwanamke wa kuja, kutoka Masasi, ninawaamuru watu ndani ya nyumba yao. Nilijua ninavyoonekana. Wifi alinitazama toka juu hadi chini.

"Hizi ni za bibi yetu," alisema polepole. "Wewe ni nani?"

Mama mkwe aligonga fimbo sakafuni.

"Hizi ni za mama yangu," alisema. "Na katika ninyi wote, ni mmoja tu ambaye hajawahi kunicheka. Mpeni."

Niliondoka Kitangari na bonge nimelifunga kwenye kanga ya zamani. Keshoye nilikuwa Masasi kwa baba.

Wakati huo baba alikuwa ameshaacha kutengeneza saa kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, lakini meza yake aliihamishia barazani, na bado alikuwa anaikalia kila siku akisubiri nani apite amsalimu. Nilimwamkia, akaitika marahaba, na macho yake tayari yalikuwa kwenye kanga. Nilipoifungua alivaa miwani, akabana kwenye jicho kile kioo chake cha kukuzia cha fundi saa, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa udongo.

"Mama," aliniita, kama alivyoniita tangu utoto, "kwanza jiulize kama kuna haja ya kusafisha. Sarafu ya zamani ikiwa na rangi yake ya kahawia, tulivu, huigusi. Ile rangi ndiyo ngozi yake. Ukiivua umeichuna."

"Hii je?"

"Hii imo kaburini bado. Huu udongo unashika unyevu, una chumvi, na hii kijani ya unga unga inaendelea kula. Toa udongo. Usitafute kung'arisha. Kazi yako ni kutoa uchafu, basi."

Akanieleza kama alivyokuwa akinieleza zamani, bila haraka, akinirudisha nyuma kila nilipokimbilia mbele. Niloweke kwenye maji safi yasiyo na chumvi wala dawa. Nibadilishe maji kila yanapochafuka. Nisitumie kisu wala waya, nisitumie dawa ya meno, wala ile dawa ya kung'arishia vitasa vya milango, wala soda. Panapogoma nitie mafuta ya watoto, yale yasiyo na rangi, niache yapenye yenyewe. Kijiti cha mwanzi kilichochongwa, laini kuliko sarafu, ndicho cha kuchokolea, na ni pale tu udongo unapokuwa umelainika. Nishike kwa ukingo, maana jasho la vidole nalo lina chumvi. Kukausha ni kugusisha kitambaa cha pamba, si kufuta. Nianze na ile mbovu kuliko zote, nione inavyokubali, ndipo niende kwenye nyingine.

"Maji gani?" nilimuuliza. "Ya betri?"

Alishtuka. "Hapo ndipo watu wanapoangamiza vitu. Dukani chupa mbili zinakaa rafu moja. Moja ina maji, moja ina asidi, na muuzaji akiwa na haraka anakupa yoyote. Ninyi huko juu mna mvua. Mvua ikishanyesha kidogo ikaosha vumbi la hewani, tega beseni uwanjani, wazi, si chini ya bati. Hutapata maji mazuri kuliko hayo."

Nilimweleza pia habari ya mzungu na ndege. Alivua kioo chake, akafikiri.

"Rupia nimezishika kadhaa," alisema. "Zote zilikuwa zimesuguliwa na wenyewe kwa mchanga mpaka zikawa laini kama kokoto la mtoni. Unaona kichwa, na hata hicho kwa kubahatisha. Kama palikuwa na ndege, basi ndege alikwishafutwa. Mimi siwezi kukuambia yupo, na siwezi kukuambia hayupo."

Akanipa kile kioo cha jicho. Nilikataa, akanikazia kiganjani. "Mimi sasa kinanionyesha tu jinsi mikono inavyotetemeka," alisema, akacheka mwenyewe.

Kazi niliamua kuifanyia Kitangari, nyumbani kwa mama mkwe, mbele ya macho ya wote. Sikutaka mtu aseme baadaye kwamba kuna hela imebaki Newala mjini. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Ilipopiga ya kwanza iliyo nzito, nilisubiri vumbi lioshwe, kisha nikatoka uwanjani na mabeseni, nikalowa chapachapa, huku wifi akinitazama kutoka mlangoni kama anayetazama mtu aliyerukwa na akili.

Uwanda wetu wa Makonde haukujaliwa maji. Mama mkwe alipokuwa msichana, wanawake walishuka bondeni na mitungi na kupanda nayo mteremko mzima kichwani, na maji ya kunawa uso ndiyo yaliyotumika kuoshea na miguu. Alipoona ninamwaga beseni la maji mekundu na kutia mengine meupe, alitikisa kichwa.

"Sisi tuligombea kata moja ya maji, leo hela zinaogeshwa kila siku kama bi harusi," alisema. Lakini alisema huku anatabasamu, na maji yaliyomwagwa aliagiza yapelekwe kwenye migomba.

Siku za kwanza hakuna kilichoonekana isipokuwa matope. Bonge lilikaa ndani ya beseni, limefunikwa kwa kitambaa, na kila asubuhi wifi alipita akauliza kama ndege ameshatoka kwenye yai. Kisha ukingo mmoja ukalegea. Hela ya kwanza ilijitenga yenyewe usiku, tukaikuta asubuhi imelala chini ya beseni peke yake, haikuvutwa na mtu. Ilikuwa moja ya zile ndogo za shaba, imetobolewa kwa msumari ili ipitishiwe uzi. Niliiweka juu ya kitambaa, nikachokoa udongo uliolainika kwa kijiti cha mwanzi, kidogo kidogo, nikaisuuza, nikaigusisha pamba. Ikatoka na rangi ya kahawia iliyoiva, kama ganda la korosho iliyokaangwa, na herufi zimesimama.

Mama mkwe alijifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima, na mpaka leo anasoma kwa kutamka herufi moja moja. Alibana kioo cha baba kwenye jicho, akaishika hela kwa ukingo kama nilivyomwonyesha.

"He. E. Le. Le. E. Re," alisoma. Akarudia, safari hii akiziunganisha: Heller. Kisha akainua uso. "Hela! Imeandikwa hela! Mwanangu, kumbe jina lake limeandikwa mwilini mwake!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Maisha yake yote alikuwa akisema sina hela, nipe hela, hela imekwisha, na hakuwahi kujua kwamba neno lenyewe lilikuwa limezikwa jikoni kwao. Hata wifi alisogea kuangalia.

Hela ziliendelea kuachana. Zile kubwa kiasi, nyeupe, zenye tundu la kiwandani, zilitoka bila taabu. Za shaba zilikuwa ngumu zaidi, nyingine nikazitia mafuta na kuziacha. Nilikuwa nalazimika kurudi mjini kwa ajili ya cherehani, maana nguo za watu hazisubiri mvua. Na ni katika moja ya safari hizo mambo yakaharibika.

Nilirudi nikamkuta wifi amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mgongo kwangu. Nilimwamkia, hakugeuka.

"Wifi, kuna nini?"

Alifungua kiganja. Ilikuwamo hela moja ya shaba. Ilikuwa na rangi ya waridi, rangi ya kidonda kipya ambacho ganda limebanduliwa, na juu yake mikwaruzo imepishana. Taji lililokuwa upande mmoja lilikuwa doa. Mwaka haukusomeka. Kando ya kigoda niliona maganda ya ndimu.

"Nilitaka nione moja tu," alisema. "Harusi inakaribia, na wewe unaenda taratibu. Nilisema nitaisafisha moja, ukiona inavyong'aa, utakubali. Iling'aa, wifi. Wallahi iling'aa. Kisha nikatafuta yale maandishi aliyosoma mama, sikuyaona tena. Nimeifuta. Mama wa mama yangu aliivaa hii, nami nimeifuta kwa mikono yangu."

Nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni. Yote yakaniondoka nilipoona jinsi alivyoishika, kwa ukingo, kama nilivyowafundisha, sasa wakati haina cha kulinda tena. Nilikaa chini karibu naye.

"Maandishi hayarudi," nilimwambia. "Lakini rangi itarudi. Ikikaa miaka itaiva tena yenyewe. Tutaisuuza vizuri sana itoke ndimu yote, halafu itakaa kwenye mkufu pamoja na wenzake. Hatutaitupa."

"Mama atasemaje?"

"Twende tukamwambie sasa hivi, tusikie."

Mama mkwe aliipokea, akaigeuza geuza karibu na jicho. Tulisimama mbele yake kama watoto waliovunja sahani.

"Mama yangu alikuwa mkali," alisema mwishoni. "Angekuchapa." Akamrudishia wifi ile hela. "Mimi nasema hivi. Kuanzia leo, wewe ndiye utakayemsaidia mwenzako. Umeshajua kinachoharibu. Mwenye kujua hilo ndiye ninayemtaka kwenye beseni langu."

Tangu siku ile sikuwahi kumwona mtu mwenye subira kama wifi. Yule mwanamke aliyekuwa akila chakula kikiwa moto kwa haraka ya maisha sasa alikaa barazani akichonga vijiti vya mwanzi, akivijaribu ncha kwenye ukucha wake kwanza, kama vinakwaruza alivitupa. Alitega mvua hata mimi nikiwa mjini. Alinipigia simu kunieleza kwamba maji yametoka meupe mara ya pili mfululizo. Jirani mmoja alipomshauri atumie dawa ya meno, nilisikia akimjibu kutoka ndani: "Dawa ya meno ni ya meno, mama. Hapa hakuna meno."

Iliyobaki mwisho ilikuwa rupia. Ilikuwa katikati ya bonge, imefunikwa na kutu ya hela za shaba zilizoilalia pande zote, hata fedha yake haikuonekana. Ilikuwa bamba la kijani na jeusi. Tuliiloweka kwenye mvua, tukaiosha, tukaitia kwenye kikombe cha mafuta ya watoto na kuiacha. Kila tulipoitoa na kuijaribu kwa kijiti, kama udongo uligoma tuliirudisha. Wifi ndiye aliyesema irudi, mara nyingi kuliko mimi. Kuna siku nilichoka, nikasema labda tubonyeze kidogo zaidi, akanipokonya kijiti.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, jua limetoka vizuri. Mama mkwe alikuwa anaanika mbaazi kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nasuuza hela za mwisho. Wifi alikuwa na rupia kwenye kitambaa, kioo jichoni, kijiti mkononi. Ganda moja la kijani lilikuwa limeinuka pembeni. Aliligusa, likateleza likaondoka zima, kama gamba la samaki.

"Masharubu," alisema.

Sote tuliacha tulichokuwa tunafanya.

"Naona masharubu, yamepinda juu. Pua. Kofia. Wifi, ni kofia ya chuma." Alikuwa ananong'ona. Alitia tone la mafuta, akasubiri, akachokoa. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. "Juu ya kofia kuna kitu. Kuna... subiri. Kuna kucha. Kuna bawa."

Kisha alipiga ukelele uliowarusha kuku uwanja mzima.

"Ndege! Mama! Mama, ndege! Yupo! Amekaa juu ya kofia, amekunjua mabawa, yupo!"

Mama mkwe hakukimbia. Alijifuta mikono kwenye kanga, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto. Akaja, akakaa, akapokea kioo, na wifi akamshikia rupia mbele ya jicho. Ndege alikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia, tai hasa, kasimama juu ya kofia ya yule mfalme wao kama mwenye nyumba. Manyoya ya mabawa yalihesabika. Hakuna mchanga uliokuwa umewahi kumpitia. Alilindwa na udongo miaka yote hiyo, na udongo ulipotoka alitoka mzima.

"Ndiye," mama mkwe alisema. "Ndiye huyu. Alikuwa ananiangalia mama akiniogesha."

Wifi alipiga magoti, akamshika miguu. "Mama, nisamehe. Nilikucheka tangu nikiwa mdogo."

"Ulicheka sana," mama mkwe alisema. Halafu aliinuka, akachukua fimbo. "Sasa kaniitie yule mwenzangu wa nyumba ya pili. Yeye ndiye alinicheka wa kwanza."

Mwenzake huyo, bibi wa rika lake, alikuja akidhani kuna msiba kutokana na ukelele. Mama mkwe alimkalisha kwenye kiti, akamwekea kioo jichoni, akamwambia aangalie. Bibi akaangalia. Akasema ameona, akataka kuinuka. Mama mkwe akambonyeza bega akae tena. "Angalia vizuri. Una deni la miaka mingi." Akamwacha pale mpaka akakiri kwa sauti, mbele ya majirani waliokwishajaa uwanjani, kwamba ndege yupo, ana mabawa, na kwamba yeye bibi alikuwa mjinga. Kisha wakaangua kicheko wote wawili, wameshikana mikono, na vigelegele vikapanda kutoka nyumba hadi nyumba.

Palikuwa bado na jambo moja, na hapa mimi ndiye niliyeshindwa. Nilitaka kila sarafu iingie kwenye bahasha yake ya karatasi, mahali pakavu, isiguswe tena. Nilishakata na karatasi zenyewe. Mama mkwe aliziona, akauliza ni za nini. Nilipomweleza, akazirudisha kwangu kwa upole.

"Mama yangu hakuuvaa kabatini," alisema.

Nilimweleza kwamba zikivaliwa zitagongana, zitaisha. Tukabishana kidogo, kwa heshima. Mwishoni nilikumbuka kwamba mimi ni fundi cherehani. Nilinunua uzi mnene wa pamba, nikazipanga hela kama alivyokumbuka mpangilio, na baina ya kila moja nikapiga fundo nene, hivi kwamba hazigusani. Ile ya waridi aliipanga mama mkwe mwenyewe, karibu na rupia. Rupia ilikuwa imetobolewa nyuma ya kofia, kwa hiyo mzungu alining'inia ameinamisha uso kama anayetafuta kitu chini, na tai juu yake akitazama mbele. Tulikubaliana mkufu utavaliwa siku za furaha tu, na ukivuliwa utafutwa jasho kwa kuguswa guswa na kitambaa, ukauke, ndipo urudi kwenye karatasi. Mlinzi wake akawa wifi.

Harusi ilifanyika uwanja ukiwa umekauka na mikorosho michanga imeshashika. Baba yangu aliletwa kutoka Masasi, akakalishwa mbele na wazee wa nyumba. Wakwe wa Tandahimba walikuja na magari mawili, wamependeza. Wifi ndiye aliyebadilisha mpango wakati wa mwisho, bila kuniambia. Bi harusi alikuwa amekwishapambwa, shingo iko wazi inasubiri, na wifi akampita na mkufu, akaenda kumvalisha mama yake.

"Bi harusi atauvaa kesho," alisema. "Leo anatoka nao mwenye mkufu."

Mama mkwe alitoka ndani polepole. Hakuna kilichong'aa. Hela zilikuwa za kahawia na kijivu, rangi ya vitu vilivyokaa na watu, na katikati ile rupia ilikuwa na weupe wake mzito, usiopiga kelele. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alisimama kutoka kwenye kiti chake bila kuambiwa, na wengine wakafuata, mpaka wakwe wote wakawa wamesimama. Nilimwona baba akipapasa mfukoni kutafuta kioo alichokwisha kunipa.

Ngoma zilipopigwa, mama mkwe aliacha fimbo. Aliingia uwanjani peke yake, mabega yamenyooka, akacheza hatua za zamani ambazo wajukuu zake hawakuwa wamewahi kuziona. Kisha wakaitwa mabinti wa nyumba wamfuate. Wifi akaingia. Mimi nilibaki pembeni na wanawake wa jikoni, kama inavyompasa mke wa kuja. Mama mkwe alizunguka, akafika nilipo, akasema kitu kwa Chimakonde, haraka haraka, nikakosa kukipata.

"Anasema mabinti hawajatimia," wifi alinipazia sauti kutoka kwenye mstari. "Ingia, unatuchelewesha!"

Niliingia. Viatu vilinishinda baada ya mzunguko mmoja, nikavivua, nikavitupa upande walikokaa wanaume, nikacheza peku mpaka kanga ikalowa.